Lijamu Inayokaa Vizuri Kinywani

Lijamu ni kipande cha chuma kinachopitishwa kinywani mwa farasi, juu ya ulimi, kikiwa na pete kila upande. Kwenye pete hizo hushikizwa mikanda ya kichwani pamoja na vigwe, zile kamba mbili za ngozi zinazoishia mikononi mwa mpandaji. Vyote kwa pamoja ndiyo hatamu. Neno hilo Watanzania wengi walilijua kabla hawajamwona farasi kwa macho, kwa kuwa enzi za chama kimoja ilisemwa kila siku kwamba chama kimeshika hatamu. Wasomaji wa Biblia nao hukutana na lijamu katika Waraka wa Yakobo, sura ya 3, ikiwa mfano wa kitu kidogo kinachogeuza mwili mkubwa. Mifano yote miwili inamtazama aliyeshika kamba. Huku mwisho wa pili wa kamba kuna ulimi na ufizi, na kuna farasi ambao vinywa vyao huumia upesi kuliko vya wenzao. Lijamu ya kumstarehesha farasi wa namna hiyo hupatikana kwa kukipima kinywa chenyewe, na mara nyingi kipimo hupingana na sifa za dukani.

Kilimanjaro haijawahi kuwa nchi ya farasi. Mwaka ambao Moshi iliona farasi wengi ni 1916. Katikati ya Machi mwaka huo mji ulitekwa na majeshi ya Waingereza, na miongoni mwao walikuwamo wapanda farasi wa Afrika Kusini chini ya Jacob van Deventer. Mwezi uliofuata aliwaongoza kutoka Arusha hadi Kondoa katikati ya masika, na farasi wakafa kwa mamia: mbung'o, ugonjwa wa farasi wa Afrika, njaa na matope. Sababu mbili za kwanza ndizo zinazoeleza kwa nini hata leo farasi ni wachache. Waliopo wamejikusanya kwenye nyanda za juu zenye ubaridi, kama shamba la Makoa upande wa Machame, mbuga za Kilimanjaro Magharibi kuelekea Siha, na mashamba ya Usa River hadi Arusha, na wengi hubeba watalii. Pasua, kusini mwa mji wa Moshi, farasi ni kitu cha kusimuliwa. Mnyama wa kazi huko ni punda. Lakini Pasua ina mafundi wa kuchomelea, na farasi wa mlimani akikosa lijamu inayomfaa, kwa fundi wa namna hiyo ndiko chuma huweza kutengenezwa. Maduka ya vifaa vya farasi ni haba, na vifaa vingi huja vikiwa kwenye begi la mgeni kutoka Nairobi au Ulaya.

Kazi huanza kinywani, kukiwa na mwanga wa kutosha na mtu wa pili wa kumshika mnyama. Farasi mzima ana meno sita ya mbele juu na sita chini. Nyuma kabisa, kila upande wa kila taya, yamejipanga magego sita. Kati ya makundi hayo mawili kuna mwanya mtupu wenye urefu wa vidole kadhaa, na hapo ndipo lijamu hukaa. Dume huota chonge ndani ya mwanya huo, karibu na meno ya mbele. Jike mara nyingi hana. Wengine, dume kwa jike, huwa na kijino kidogo mbele kabisa ya gego la kwanza, wakati mwingine kikiwa kimejificha chini ya ufizi. Kijino hicho hakitafuni chochote, ila lijamu ikikigonga farasi hurusha kichwa kama aliyeumwa na nyuki, na mpandaji asiyejua humwita mkorofi.

Ukipapaswa kwa kidole gumba, mwanya wa taya la chini haukutani na nyama. Kuna ufizi mwembamba, kisha mfupa wenye ukingo mkali. Anayetaka kujua unavyohisi apapase muundi wake mwenyewe, kisha afikirie chuma kikiegemea hapo kwa saa sita. Ulimi nao ni mnene kuliko watu wanavyodhani. Farasi akifumba kinywa, ulimi hujaza nafasi yote kati ya mataya na kugusa kaakaa, hivyo hakuna chumba tupu kinachoisubiri lijamu. Kila milimita ya chuma inayoingia inajitengenezea nafasi kwa kuukandamiza ulimi. Watafiti wa Hannover, Ujerumani, waliopima vinywa vya farasi na kuchapisha matokeo yao mwaka 2003, waliikuta nafasi hiyo kuwa finyu kuliko ilivyokuwa ikifundishwa.

Kwa hiyo kusema tu kwamba farasi ana kinywa chepesi hakutoshi. Kuna farasi mwenye ngozi nyororo kwenye pembe za midomo, inayochubuka siku ya kwanza. Kuna mwenye ulimi mnene na kaakaa la chini, ambaye shida yake ni kubanwa. Kuna ambaye ukingo wa taya lake ni mkali kupita kiasi, na kuna mwenye kovu la zamani. Yupo pia ambaye kinywa chake ni kizima kabisa lakini anakumbuka mkono mkali wa mpandaji aliyepita. Dawa ya mmoja ni sumu ya mwingine: chuma kinene kinachomtuliza mwenye ukingo mkali humkaba mwenye ulimi mnene.

Dalili za kuumia hufanana kwa wote. Farasi hufungua kinywa akivutwa, huutoa ulimi pembeni au kuupitisha juu ya lijamu, hukaza shingo, hukokota mkono wa mpandaji, au huinamisha kichwa kifuani ili chuma kisimguse. Anayekataa kugeuka kushoto tu, huku kulia anageuka vizuri, anaeleza mahali penyewe. Damu kwenye povu haihitaji maelezo, ila kutokuwepo kwa damu hakuthibitishi chochote. Mwaka 2019 watafiti wa Finland walichapisha matokeo ya uchunguzi wa farasi 261 wa mbio za kukokota vigari. Vinywa vilikaguliwa kwa tochi mara baada ya mbio, na asilimia 84 vilikuwa na majeraha mapya mahali lijamu inapokaa. Kwa wengi wao hakuna damu iliyoonekana kwa nje.

Kabla ya kubadilisha chuma, daktari wa mifugo ayatazame meno. Taya la juu la farasi ni pana kuliko la chini, na magego huota maisha yote huku yakisagana. Yanaposagana hubaki na kingo kali: upande wa shavu kwa ya juu, upande wa ulimi kwa ya chini. Mkanda wa kichwani ukikazwa, shavu husukumwa kwenye kingo hizo, na lawama huiendea lijamu. Daktari huzikwangua kwa tupa ndefu, mara moja kwa mwaka kwa farasi wengi. Si ajabu kazi hiyo peke yake ikamaliza ugomvi, na fedha za lijamu mpya zikabaki mfukoni.

Kidonda kikionekana, kinywa kipumzishwe mpaka kipone. Lijamu yoyote iliyowekwa juu ya kidonda itaonekana mbaya, hata ile ambayo ingefaa.

Upana hupimwa kwa kitu rahisi. Kijiti kilichonyooka au kipande cha bomba jembamba la plastiki hupitishwa kinywani pale lijamu itakapokaa, kikatiwa alama kwenye pembe za midomo bila kuikandamiza, kisha umbali kati ya alama ukasomwa kwenye rula. Farasi wengi wa kupandwa huangukia karibu na sentimita 12.5. Wadogo huwa chini ya hapo, na wenye vichwa vizito hufika 14. Lijamu yenye pete zinazozunguka huongezewa nusu sentimita hivi ili pete zisiminye midomo. Pana mno ni mbaya kama nyembamba mno, kwa sababu huteleza kushoto na kulia, na kiungo chake cha kati kikahama kutoka katikati ya ulimi hadi juu ya ukingo wa taya.

Unene ndio uliopotosha watu wengi. Kwa miaka mingi wapanda farasi walifundishana kwamba chuma kinene ni cha upole, kwa hoja kwamba mzigo husambaa mahali papana. Hoja hiyo ingesimama kama kinywa kingekuwa na nafasi. Utafiti mwingine wa Finland, uliofanywa kwa farasi wa mashindano ya kuruka vizuizi porini, ulikuta majeraha makubwa zaidi pande zote mbili, kwa chuma chembamba cha milimita 10 hadi 13 na kwa kinene cha milimita 18 hadi 22. Kati ya 14 na 17 ndiko kulikokuwa na afadhali. Nyumbani kipimo ni vidole viwili, vikitanguliwa na maji na sabuni. Huingizwa ubavuni, kwenye mwanya, vikiwa vimelazwa kimoja juu ya kingine kati ya taya la juu na la chini, na farasi akaachwa afumbe. Vikibanwa mara moja, nafasi ni ndogo na milimita 14 zatosha. Vikikaa kwa raha, 16 inaweza kujaribiwa. Namba ya 20 iliyopambwa dukani kwa neno la upole iachwe ilipo.

Umbo ndilo linalofuata. Lijamu iliyozoeleka kuliko zote ina vipande viwili vilivyounganishwa katikati. Vigwe vikivutwa hujikunja kama herufi V, mikono yake ikibana ulimi na kingo za taya. Hilary Clayton, daktari wa mifugo kutoka Uingereza aliyefundisha kwa miaka mingi Chuo Kikuu cha Michigan State, alitazama kwa eksirei jinsi chuma kinavyohama kinywani, na picha zake ziliwaondoa watu kwenye kubahatisha. Kwa farasi mwenye kaakaa la chini, ncha ya V ina uwezekano wa kuligusa. Ndiyo maana wengi wenye vinywa vya aina hiyo hutulia wakipewa lijamu ya viungo viwili, yenye kipande kifupi cha duara katikati kinacholala juu ya ulimi. Kipande hicho kiwe cha mviringo. Kuna lijamu inayofanana nayo kwa mbali ila kati yake kuna bapa lililosimama kwa pembe, na ukingo wa bapa hilo hukata ulimi kama upande mkali wa kijiko.

Farasi asiyependa kitu kinachochezacheza mdomoni hupewa lijamu isiyo na kiungo, iliyopinda kidogo tu. Hutulia yenyewe na haibani kama koleo, lakini mzigo wake wote uko kwenye ulimi, kwa hiyo mwenye ulimi mnene huichukia. Huyo humfaa yenye upinde mpana wa wastani katikati, unaouachia ulimi nafasi. Upinde mrefu utalifikia kaakaa na kurudisha shida ileile. Pete zinazozunguka huacha lijamu icheze, ila huweza kuminya pembe za midomo. Kwa mwenye ngozi nyororo, pete zisizozunguka, zenye umbo la yai au la herufi D, ni salama zaidi. Vyuma vyenye mikono mirefu ya kando hufanya kazi kama wenzo: mkono mdogo wa mpandaji hugeuka mvuto mkubwa kinywani na kwenye kisogo. Hivyo havina nafasi katika mazungumzo ya kinywa kinachoumia, hata kama mwenye farasi anaapa kwamba mkono wake ni mwepesi.

Kuhusu malighafi ya lijamu, maneno ni mengi kuliko tofauti. Stenlesi ni laini, haili kutu, huoshwa kwa maji tu. Shaba na michanganyiko yake hupata joto upesi na husemekana kuvuta mate. Shaba tupu ni laini, na farasi anayetafuna huiachia makovu yenye ncha. Chuma cha kawaida kinachoshika kutu kidogo kina utamu ambao baadhi ya farasi huupenda. Mpira na plastiki hutuliza wengine, ila huongeza unene, na vikishatafunwa hutoboka na kufichua kilichomo ndani. Asubuhi za Siha, kunapokuwa na umande na baridi ya mlima, stenlesi hushikwa kwanza kiganjani au kuchovywa kwenye maji ya vuguvugu kabla ya kuingizwa mdomoni. Ni dakika moja tu, na farasi hukumbuka.

Lijamu ya kutengenezwa kwa fundi ina sheria zake. Nondo ya ujenzi haifai, kwani mbavu zake hufanya kazi ya msumeno na kuzipiga tupa mpaka ziishe ni kazi isiyolipa. Fimbo ya stenlesi iliyo laini ya milimita 14 hadi 16 ndiyo ya kuombwa. Kwenye kiungo na kwenye matundu ya pete ndiko hatari inakojificha, kwa kuwa matone ya kuchomelea huganda yakiwa na vijipembe ambavyo jicho halivioni. Fundi atasema kimekuwa laini, na kwa kiganja chenye sugu ni kweli kimekuwa laini. Jaribio lisilobishaniwa ni soksi nyembamba ya nailoni. Huvutwa taratibu juu ya chuma chote, pete na viungo vikiwamo, huku kiungo kikikunjwa na kukunjuliwa. Mahali uzi unaponasa, hapo ndipo ulimi utakaponasa. Hupigwa msasa, soksi ikapitishwa tena, mpaka iteleze toka pete hadi pete. Lijamu ya dukani nayo ipitie soksi hiyohiyo, hasa iliyokwishatumika, maana viungo hulika na kuota kingo.

Lijamu ikishapatikana, urefu wa mikanda ya mashavu ndio huamua itakaa wapi. Kawaida iliyozoeleka ni mkunjo mmoja au miwili kwenye pembe za midomo, lakini midomo haifanani, na mwenye midomo minene huonyesha mikunjo hata kabla chuma hakijamgusa. Kilicho muhimu ni lijamu isiguse chonge kwa mbele wala gego kwa nyuma, na isining'inie kiasi cha ulimi kupita juu yake. Mkanda wa pua uache nafasi ya vidole viwili vya mtu mzima juu ya mfupa wa pua. Vipimwe hapo hapo mbele, kwani pembeni kuna nyama na kila mkanda huonekana umelegea. Mkanda uliokazwa hufunga kinywa, na kinywa kilichofungwa hakitoi dalili. Farasi huonekana ametii kumbe amezibwa.

Farasi aliyekwisha kuogopa chuma hurudishwa polepole. Moshi ina bahati kwa jambo hili: molasi ya kiwanda cha sukari cha TPC, kule Arusha Chini, inajulikana na wafugaji wote wa tambarare. Kidogo kikipakwa kwenye lijamu, farasi huinyoosha midomo mwenyewe. Siku za kwanza huvalishwa bila vigwe, zizini, akaachwa atafune majani laini na kuzoea kumeza akiwa na chuma. Kisha hutembezwa, kisha hupandwa mahali tambarare kwa robo saa. Asijaribiwe kwa mara ya kwanza kwenye njia ya mteremko kati ya migomba na kahawa. Mlima huharibu mkono wa mpandaji: farasi anapoteremka, mtu huegemea nyuma na kujishikilia kwa vigwe bila kujua, na uzito wake wote unaishia kwenye ulimi. Farasi anayebeba watalii ana mzigo wa ziada, kwa kuwa kila siku mkono ni mpya, na wengi wa mikono hiyo hawajawahi kushika kigwe. Kwa mnyama wa aina hiyo, ukanda wa shingoni wa kushika wakati wa mteremko humsaidia kuliko lijamu yoyote ya bei.

Hukumu haitolewi siku moja. Baada ya kila safari, tochi na kidole gumba hurudi palepale: pembe za midomo, kingo za taya, upande wa chini wa ulimi. Weupe, uvimbe au uwekundu uandikwe pamoja na tarehe na lijamu iliyotumika, na kibadilishwe kitu kimoja kwa wakati. Anayebadilisha lijamu, mkanda wa pua na mpandaji wiki moja hatajua nani alimponya mnyama. Povu kidogo jeupe midomoni ni jema, ila povu jingi linalodondoka linaweza kuwa mate ambayo ulimi uliobanwa umeshindwa kuyameza.

Xenophon, Mgiriki aliyeandika kitabu cha upandaji farasi katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alitaka mpandaji awe na lijamu mbili, laini na kali, ili farasi akishaionja kali aifurahie ile laini. Ushauri huo umedumu muda mrefu kupita ulivyostahili. Kwa kinywa kilichojeruhiwa, lijamu ya pili inayofaa mara nyingi ni kutokuwa nayo kabisa. Ipo hatamu isiyo na chuma, ambayo vigwe vyake hufungwa kwenye pete za mkanda wa pua, na farasi huongozwa kwa kuvutwa kichwa upande. Ujuzi huo hauko mbali na Pasua. Punda wengi wa Tanzania hubeba magunia na madumu maisha yao yote wakiswagwa kutoka nyuma au kuongozwa kwa kamba ya kichwani, bila chuma mdomoni. Kamba nayo ina masharti yake. Ya katani isiyozungushiwa kitambaa huchuna ngozi, na mkanda ukishuka chini mno hukaa juu ya ncha nyembamba ya mfupa wa pua, pale panapoanza ulaini, ambapo huumiza na kuzuia pumzi. Ukae upana wa vidole viwili chini ya mfupa wa shavu, na ukaguliwe jioni kwa tochi ileile iliyokuwa ikikagua kinywa.